Pedi za Mashindano kwenye Gari la Kwendea Kazini

Mdogo wangu wa Mbeya, salamu za mchele wa Kyela nimezipata, ingawa mchele wenyewe bado nausubiri. Unasema umenunua Subaru Impreza WRX iliyotumika Japani, pedi za breki za mbele zimekwisha, na rafiki yako wa Dar amekupatia seti ya pedi za mashindano, "zile wanazofunga watu wa rali", kwa bei ambayo hutaiona tena. Unataka kujua kama uzichukue, halafu unaniomba nisikukatishe tamaa.

Nitakukatisha, tena mapema, ili tupate nafasi ya kuzungumza vizuri. Usizichukue. Mwambie rafiki yako azifunge kwenye gari lake, alilaze nje pale Uyole usiku wa mwezi wa saba, kisha saa kumi na mbili asubuhi alitoe na kukanyaga breki kwa nguvu. Atakachokiona hapo kitakueleza zaidi ya maneno yangu.

Tatizo ni joto. Kazi ya breki ni moja tu, kugeuza mwendo kuwa joto. Gari lako lina uzito wa karibu kilo 1,400. Ukilisimamisha kwa haraka kutoka kilomita 100 kwa saa, joto linaloingia kwenye diski na pedi linatosha kuchemsha lita moja na nusu ya maji ya bombani, birika zima la chai, kwa sekunde tatu au nne. Na usidhani kutoka 80 kwenda 120 ni nyongeza ndogo. Mwendo umeongezeka nusu, lakini mzigo wa breki umekuwa mara mbili na robo.

Sasa, pedi zinatofautiana kwa kile kilichochanganywa ndani yake: gundi maalumu, nyuzi, unga wa chuma, grafaiti na vingine ambavyo viwanda havivitaji. Kila mchanganyiko una joto unalolipenda. Pedi ya kawaida hukamata tangu ikiwa baridi, lakini ikizidiwa joto huanza kulegea. Pedi ya mashindano imetengenezwa kwa diski yenye nyuzi 300, 500, hata zaidi, kwa dereva anayefunga breki, anapiga kona, anafunga tena kabla diski haijapoa. Chini ya joto hilo, nyingi hukamata vibaya kuliko pedi iliyokuja na gari kutoka kiwandani. Ndiyo maana madereva wa mashindano hupasha breki moto kabla ya kuanza. Wewe hupashi kitu. Unatoka nyumbani, unakata kushoto, bodaboda inakatiza mbele yako. Diski za gari la kwendea kazini mara nyingi hazifiki hata nyuzi 200 siku nzima, na katika breki ya kwanza ya asubuhi ni baridi kama kitasa cha mlango. Ukiwa kwenye 100, gari linakula mita 28 kwa kila sekunde ambayo pedi inajifikiria.

Kwa hiyo watu wanaponiambia "Dada, hizi ni kali", huwa nauliza: kali kwenye nyuzi ngapi? Asiyejua kunijibu hilo, hajui anachouza.

Hasara nyingine nitazipitia haraka kwa sababu utazigundua mwenyewe wiki ya kwanza. Zinapiga kelele, kelele za kugeuza watu vichwa kwenye mataa. Zinatoa vumbi jeusi linalong'ang'ania rimu. Zinakula diski. Kama una pesa ya diski kila baada ya miezi kadhaa, mimi sina ugomvi, lakini uliniandikia kwamba gari umelinunua kwa mkopo wa kazini.

Basi ununue nini? Kwa matumizi yako, yaani mjini siku tano, na mara mojamoja safari ya Iringa au Dar ukiwa na mguu mzito (usibishe, nimeona picha ya dashibodi uliyonitumia), nunua pedi za daraja la kati, zile zinazotengenezwa kwa gari la barabarani lenye nguvu. Zipo. Hawk wana HPS. EBC wa Uingereza wana familia nzima waliyoipa rangi, na hapo wengi wanapotea, kwa kudhani rangi inayoonekana kali ndiyo pedi kali. Redstuff yao ni ya seramiki, ya gari la barabarani, na inajulikana kwa vumbi dogo. Yellowstuff inavumilia joto kuliko Redstuff, ya mtu anayeendesha barabarani na mara nyingine anakwenda kucheza uwanjani. Ukitafuta za Japani, Dixcel, Endless na Project Mu wana pedi za barabarani na za mashindano kwa pamoja, hivyo jina la kampuni peke yake halikuambii kitu. Soma ni mchanganyiko gani, na kampuni yenyewe imeandika ni wa joto gani.

Ukikosa zote hizo, nunua pedi nzuri za kawaida. Akebono na Advics ni kampuni za Japani zinazotengenezea viwanda vya magari vyenyewe. Hakuna aibu hapo. Aliyechora breki za WRX hakuwa mjinga, na mimi ningependa uwe na pedi ya kawaida halali kuliko pedi ya kishujaa isiyo na ukoo.

Ukiwa dukani, geuza pedi utazame mgongoni na ubavuni. Pedi nyingi zina herufi mbili zilizogongwa pamoja, kama FF, GG au FE. Ni alama za msuguano zinazotokana na kipimo cha Marekani. Ya kwanza inaeleza pedi inavyokamata ikiwa na joto la kawaida, ya pili inavyokamata ikiwa moto zaidi. E ni msuguano wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa hiyo FE inakamata vizuri mwanzoni kisha inashuka ikipata moto, na kwa mtu wa milimani kama wewe hiyo ni pedi ya kuirudisha kwenye boksi. Ila usizifanye herufi hizo msahafu. Kipimo chenyewe hufanywa maabara kwa kipande kidogo cha pedi, na pedi mbili zenye FF zinaweza kukupa hisia tofauti kabisa mguuni.

Alama ninayoipenda zaidi ni herufi E ndani ya duara pamoja na namba, na karibu yake maandishi yanayoanza na 90R. Hiyo ni kanuni ya Ulaya inayotaka pedi mbadala ikamate kwa kiwango kisichopishana na cha pedi ya kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15. Namba ndani ya duara ni ya nchi iliyoipitisha, 1 ikiwa Ujerumani, 11 Uingereza. Pedi nyingi za mashindano hazina alama hiyo, wala hazikutengenezwa kuitafuta.

Nisipozungumzia feki nitaonekana natoka sayari nyingine. Boksi zuri si ushahidi, boksi linachapishwa popote. Nenda Gerezani pale Kariakoo ukiwa na pedi ya zamani mkononi, linganisha umbo, mashimo, vibati na klipu. Tazama jinsi nyama ya pedi ilivyokaa kwenye bati: isiwe na ufa, isiachie pembeni, isipukutike ukiikwaruza kwa ukucha. Namba iliyo kwenye bati ifanane na ya kwenye boksi. Chukua risiti yenye jina la duka. Muuzaji akikunja uso kwa sababu umeomba risiti, amekusaidia kuamua. Pedi za mtumba zilizotolewa kwenye gari jingine usiguse, hata kama bado ni nene, kwa sababu hujui ziliungua mara ngapi. Na kwa kuwa hujui pedi za zamani zilichanganywa nini, mwambie fundi asipulize vumbi lake kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Pedi zilizokuwa na asbesto hazikutoweka duniani kwa siku moja, na mapafu hayana spea.

Sasa nimgeukie dada yangu mwenye Noah, aliyekuwa anashuka Kitonga na watoto nyuma, akitokea Iringa. Barua yako, dada, niliisoma nimesimama. Unasema ulikuwa nyuma ya lori, ukawa umeegemeza mguu kwenye breki mteremko mzima, ukasikia harufu ya kitu kinachoungua, kisha pedali ikazama mpaka chini kama umekanyaga sifongo. Ulipampu harakaharaka, ikarudi kidogo, ukapata pa kuegesha. Alhamdulillahi. Unauliza kama ufunge "pedi za nguvu" kama za huyu kijana wa Mbeya.

Pedi hazikuwa kosa lako kubwa. Sikiliza, kwa sababu hapa ndipo mafundi wengi wanapochanganya. Breki hushindwa kwa joto kwa njia mbili, na mguu wako unaweza kuzitofautisha. Ukikanyaga pedali ikawa ngumu, iko juu mahali pake, lakini gari halisimami, pedi ndizo zimezidiwa. Ukikanyaga ikazama na kuwa laini, mafuta ya breki yamechemka. Mafuta hayagandamiziki, ndiyo maana yanasukuma pistoni. Yakichemka yanatoa mapovu ya mvuke, na mvuke unagandamizika, hivyo mguu wako unabana mapovu badala ya kusukuma pedi. Kilichokupata ni hiki cha pili. Hata ungefunga pedi za gari la Le Mans, pedali ingezama vilevile.

Mafuta ya breki yakiwa ndani ya gari hunyonya unyevu hewani miaka yote. DOT 3 mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 205. Yakishanyonya maji kufikia kiasi cha kipimo, yanaweza kuchemka kwenye 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka mpaka 155. Tofauti hiyo ndiyo tofauti kati ya kufika Ruaha Mbuyuni na kutofika. Nyinyi wa Tanga, Mombasa na Unguja, hewa yenu ni ya maji, msisubiri mafuta yageuke rangi ya chai ya rangi. Badilisha kila baada ya miaka miwili, yote, na fundi atoe upepo kwenye magurudumu yote manne. Kuongeza kidogo juu ya mafuta machafu si kubadilisha. Ukipenda kupanda daraja, DOT 5.1 yanachanganyika na DOT 4. DOT 5 yasiyo na hiyo nukta moja ni ya silikoni, usiyatie kabisa.

Na mteremko unashukwa kwa gia. Noah yako ni otomatiki, ndiyo, lakini zile herufi chini ya D hazikuwekwa kwa urembo. Weka 2 au L kabla hujaanza kushuka, injini ilishike gari. Wenye hybridi, weka B. Breki ikanyage kwa uthabiti kwa muda mfupi, mwendo ushuke, kisha achia kabisa ili diski zipate hewa. Kuegemeza mguu kilomita nzima ndiko kunakopika mafuta. Pedali ikizama tena, Mungu apishe mbali, pampu, shusha gia, vuta hendibreki taratibu huku umebonyeza kitufe chake ili uweze kuiachia. Kwenye magari mengi ya aina yako inavutwa kwa waya, haihitaji mafuta. Ukishafunga pedi mpya nzuri za kawaida na mafuta mapya, Noah yako itashuka Kitonga bila visa.

Rudi, kijana wa Mbeya, sijamalizana na wewe. Kabla ya pedi, tazama matairi. Kama ukikanyaga breki kwa nguvu gari lako linafikia kutetemesha pedali kwa ABS kwenye lami kavu, breki ulizonazo tayari zina nguvu kuliko tairi. Pedi kali zaidi haitapunguza hata mita moja ya kusimama. Itakufanya ufike kwenye ABS kwa kubonyeza kidogo, basi. Gari linasimamishwa na vile viganja vinne vya mpira vilivyogusa barabara, na tairi lililokauka tangu Japani halisaidiwi na pedi ya aina yoyote. Nimeona watu wananunua pedi za bei ya seti ya matairi huku matairi yenyewe yana umri wa mtoto wa darasa la tano.

Usifunge pedi kali nyuma peke yake. Nakuona unafikiria, kwa sababu umesema za nyuma ndizo zilizopatikana kirahisi. Ukifunga breki uzito wa gari unahamia mbele, na kazi kubwa, mara nyingi zaidi ya theluthi mbili, hufanywa na magurudumu ya mbele. Ukiipa nyuma pedi inayokamata kuliko ya mbele, nyuma inataka kufunga kwanza, na gari linalofunga nyuma kwanza kwenye lami ya mvua linataka kugeuka likutazame. Badilisha ekseli zote mbili kwa aina moja, au anza na mbele.

Ufungaji wenyewe ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Pini za kalipa zitolewe, zisafishwe, zipakwe grisi inayostahimili joto, grisi ya silikoni iliyotengenezwa kwa breki, wala si ile ya beringi iliyojaa kopo gerejini. Pini ikikwama pedi moja inakwisha na mwenzake bado mpya, halafu lawama zinakwenda kwa aliyekuuzia. Diski zipimwe unene. Kila diski ina kima cha chini kilichoandikwa juu yake, na ikishafika hapo hata kuskimu hakufai.

Kisha pedi zizoeshwe na diski, na hili wanaruka karibu wote. Tafuta barabara tupu. Fika 60, funga breki kwa uthabiti mpaka kama 15, usisimame kabisa, ongeza mwendo tena. Fanya hivyo mara nane hadi kumi, halafu endesha kilomita kadhaa bila kugusa breki ili zipoe. Maelekezo ya kwenye boksi yakisema tofauti, fuata ya boksi. Kinachotafutwa ni tabaka jembamba la pedi lisambae sawasawa juu ya diski. Ukisimama na kubana pedi za moto hapohapo, zinaacha alama mahali pamoja, na baada ya wiki usukani unaanza kutetemeka kila ukifunga breki. Fundi atakwambia diski zimepinda. Mara nyingi hazijapinda, zina mabaka ya pedi au zimelika visivyo sawa.

Binti wa Moshi mwenye IST, swali lako lilikuwa fupi na jibu ni fupi: pedi za kawaida nzuri, pima nyama yake kila ukifanya sevisi, ikifika milimita 3 badilisha. Mwambie na fundi afungue ngoma za nyuma, zimesahauliwa huko.

Na wewe wa Subaru, mwisho wa barua umeuliza kama upake kalipa rangi nyekundu. Paka. Tumia rangi inayostahimili joto, ziba mipira ya pistoni, pini na nati ya kutolea upepo, na isiguse diski wala pedi. Ila ile stika ya Brembo usibandike kwenye kalipa ambayo si Brembo. Wanaojua watakucheka, na mimi nitakuwa wa kwanza.